Kemia kwa Vibuyu

Nilipewa kazi ya kufundisha kemia kwa sababu hakuna mtu mwingine pale Dodoma aliyeitaka, na mimi nilikuwa mwalimu wa serikali, ambaye haulizwi anataka nini. Vita vya Wazungu vilikuwa vimeshaingia nchini. Meli za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari, na kila kitu tulichozoea kukiona kikishushwa kwenye treni, sabuni, mafuta ya taa, dawa, bendeji, kilikuwa kinapungua mwezi hadi mwezi. Daktari wa Kijerumani aliyekuwa na hospitali ndogo karibu na boma akaniita. Alitaka watu wazima, si watoto, wafundishwe kemia kidogo ili wamsaidie kutengeneza sabuni, kusafisha vyombo vya vidonda na kuchanganya dawa bila kuua mtu. Nikamwambia shule ya watoto peke yake inatosha kunichosha. Akasema vita vitanichosha zaidi. Tukakubaliana, yaani yeye alikubali.

Mimi ni mtu wa Mpwapwa. Babu yangu alifika na misafara kutoka pwani, akachoka kutembea, akakaa. Nadhani uchovu nimeurithi kwake. Nilipokuwa kijana nilipelekwa pwani kwenye shule ya serikali, na huko nikafundishwa na mwalimu wa Kijerumani aliyeipenda kemia kuliko chakula chake. Alikuwa na kanuni yake: kwanza historia, halafu misingi, halafu kazi za mikono. Alisema mtu asiyejua watu wa kale walikosea wapi atakosea palepale, tena atajiona amevumbua. Sikujua njia nyingine ya kufundisha somo hilo, kwa hiyo nikaifuata hiyo.

Asubuhi nilikuwa na watoto na alfabeti. Alasiri, jua likiwa bado kali na upepo ukitutupia vumbi la stesheni machoni, nilikaa na watu wazima barazani. Hawakuwa wengi. Kulikuwa na mpishi wa zamani wa bomani aliyejiona anajua kila kitu kinachochemka, wafanyabiashara wachache wa sokoni, watu wa mjini Waislamu kama mimi, na Mgogo mmoja, mfugaji wa upande wa Mvumi. Msidhani waliletwa na kiu ya elimu. Waliletwa na kitambaa.

Daktari alikuwa anawapa wasaidizi wake kitambaa cheupe cha kufunga mkononi, chenye msalaba mwekundu. Aliyekivaa alikuwa mtu wa hospitali, na askari hawakumgusa. Asiyekuwa nacho aliweza kukamatwa sokoni, kisimani, hata shambani, akapewa mzigo wa risasi kichwani na kupelekwa kusini kuwa mpagazi. Wote tulijua wapagazi waliorudi ni wangapi. Tuliwahesabu haraka, maana hawakuwa wengi. Kwa hiyo darasa langu lilisoma kemia jinsi mtu anavyochimba kisima wakati wa kiangazi.

Yule Mgogo ndiye ninayemkumbuka, na ndiye anayenichosha hadi leo. Alikuwa mrefu, masikio yametobolewa na kupanuliwa kwa desturi ya kwao, na katika tundu moja aliweka kichupa cha ugoro. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunza ukubwani, polepole, lakini hakikuwa na neno la ziada. Alikuja na shuka moja na fimbo. Siku ya kwanza alitusalimu wote kwa mpigo, "Mbukwenyi," akakaa chini, akafunga mdomo mpaka alipokuwa na swali. Nyumbani alikuwa na mke na watoto wadogo, na mama mzee asiyeona. Ndugu yake wa kiume alikuwa ameshachukuliwa kuwa mpagazi. Akienda na yeye, ng'ombe wangebaki na nani? Aliniambia hivyo mwenyewe, bila kunilalamikia, kama mtu anayeeleza njia.

Nikaanza na historia. Niliwaeleza kwamba hapo kale, Misri na Uarabuni na baadaye Ulaya, walikuwako watu wenye akili nyingi waliotumia maisha yao yote wakichemsha risasi na shaba na zebaki, wakitafuta jinsi ya kuzigeuza ziwe dhahabu. Hawakuipata. Lakini katika kuchemsha kwao walijifunza kuchuja, kukusanya mvuke, kutenga hiki na kile, na huko ndiko elimu yetu ilikotoka. Wenzangu wa mjini walifurahi kusikia Waarabu wametajwa. Yule Mgogo akafikiri, akauliza:

"Mwalimu, hao watu walikuwa na ng'ombe?"

"Sidhani."

"Sasa angeipata hiyo dhahabu, halafu hana ng'ombe. Angekuwa tajiri wa nini?"

Nikacheka mpaka nikakohoa. Mpishi akamwambia asimsumbue mwalimu kwa mambo ya porini. Nikamwambia mpishi anyamaze, kwa kuwa mimi sijapata kulijibu swali lile na yeye pia hakuwa na jibu.

Kisha nikawaeleza kosa jingine la wazee hao, lile la moto. Waliamini kwamba ndani ya kila kitu kinachowaka kuna kitu fulani cha siri, na kinapoungua kitu hicho hutoka na kwenda zake. Kuni zinabaki majivu mepesi, basi ni wazi kuna kilichotoka. Wanafunzi wangu wote wakakubali mara moja. Wakasema hao wazee hawakukosea. Hapo ndipo kazi ya mwalimu inapochosha. Kumfundisha mtu jambo jipya ni rahisi kuliko kumnyang'anya jambo ambalo macho yake yanamthibitishia kila jioni jikoni.

Niliomba unga wa chuma kwenye karakana ya reli, ule unaoanguka chini ya tupa. Nikaazima mizani ya duka kwa Mhindi, ambaye alinitazama kana kwamba naazima mke wake. Tukapima unga wa chuma, tukaulowesha, tukauacha ushike kutu, tukaulowesha tena, maana Ugogo wakati wa kiangazi hata kutu inaona uvivu. Ulipogeuka mwekundu wote tukauanika ukauke kabisa, tukaupima. Umeongezeka uzito. Nikawaambia: kutu ni kama kuungua polepole. Chuma hakikutoa kitu, kimechukua kitu kutoka hewani. Na kuni nazo zinapoungua zinajiunga na hewa ileile, ila kinachopatikana ni moshi na mvuke, navyo vinapaa bila kupimwa na mtu. Mpishi akasema nimeongeza mchanga walipokuwa wamekwenda kusali. Yule Mgogo akauchukua ule unga mwekundu, akausugua kati ya vidole, akaunusa, akaonja kidogo kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Imechukua hewa," akasema. "Basi."

Kuanzia siku hiyo nilifundisha nikimtazama yeye. Mwalimu ni binadamu. Akipata sikio moja linalosikia, mengine yote anayavumilia.

Tukaja kwenye misingi. Niliwafundisha kwamba kuna vitu vya asili visivyogawanyika, na vingine vyote vimetokana na kuungana kwao. Niliwafundisha uchachu na umajivu, kwa maneno hayo, maana maneno ya Kijerumani yangewatoa damu puani. Maji ya ukwaju yana uchachu. Maji yaliyochujwa kwenye majivu ni adui yake. Ukiyachanganya yanatoa povu, yanapigana, na yakitoshana nguvu hubaki kitu cha tatu kisicho upande wowote. Daktari alitupa vikaratasi vyake vya rangi ya zambarau, alivyovihifadhi tangu kabla ya vita. Kwenye uchachu kikaratasi kinakuwa chekundu, kwenye umajivu kinakuwa buluu, kwenye maji matupu hakibadiliki. Jambo moja nililirudia hadi nikajichukia: "Mjibu kile kikaratasi kinachosema, si kile mnachopenda kiseme. Wale wazee wa dhahabu walipotea kwa sababu hiyohiyo."

Katika kazi za mikono tulitengeneza sabuni kwa mafuta ya mbuzi na maji ya majivu. Sabuni ya kwanza ilimbabua mpishi viganja, akatangaza kwamba kemia ni uchawi wa Wajerumani. Ya pili haikutoa povu. Ya tatu ilikuwa sabuni, yenye harufu ya mbuzi, lakini sabuni. Tulitengeneza chumvi kwa udongo wa upande wa Bahi, kuuloweka, kuuchuja na kuuchemsha, kama wanavyofanya wenyeji tangu zamani, ila sasa wanafunzi walieleza kila hatua kwa nini. Nilikuwa nimechoka siku hizo kuliko siku zote za maisha yangu. Chakula kilikuwa haba, watoto wa asubuhi walisinzia kwa njaa, na kila wiki darasa la alasiri lilipungua mtu, kakamatwa njiani. Hata hivyo alasiri zile zilikuwa na furaha fulani, na sioni haya kusema.

Hatimaye daktari akatangaza mtihani. Alihitaji watu wachache tu, na jeshi lilikuwa linamdai wanaume waliobaki. Chupa zote za hospitali zilikuwa na dawa, kwa hiyo kila mwanafunzi aliambiwa aje na vibuyu vyake vitatu, vipya na safi. Daktari angevijaza mwenyewe kwa siri: kimoja maji ya ukwaju, kimoja maji ya majivu, kimoja maji ya mvua. Mwanafunzi angepewa vikaratasi na kusema kipi ni kipi. Mtihani mwepesi. Nilikwenda kulala nikiwa na hakika ya mtu mmoja angalau.

Siku yenyewe alifika mapema kutoka Mvumi, vumbi hadi magotini, vibuyu vyake vitatu amevifunga kwenye shuka na kuvipakata kama mtoto. Mpishi alitangulia. Akachovya, akaangalia, akakunja uso, akajibu sawasawa, akafungwa kitambaa. Wakafuata wengine, wengine wakafaulu, wengine wakababaika. Ikafika zamu yake. Akageuka nyuma, daktari akamimina. Akageuka mbele, akachovya kikaratasi cha kwanza. Chekundu.

"Uchachu," akasema.

Cha pili kikawa buluu. "Majivu."

Cha tatu kikawa buluu. Si buluu kali kama cha pili, lakini buluu. Akakitazama muda mrefu. Mimi nilikuwa nimesimama kando, na jasho lilinitoka bila kufanya kazi yoyote.

"Majivu," akasema.

Daktari akatikisa kichwa, akampa kikaratasi kingine. Akachovya tena. Buluu. Akatazama kikaratasi, akanitazama mimi, akakitazama tena.

"Majivu, bwana daktari."

"Hayo ni maji ya mvua," daktari akasema. "Nimeyamimina mwenyewe."

Nikasogea, nikainama kwenye kibuyu. Nikanusa, nikaelewa yote kwa pumzi moja. Kibuyu kilinukia moshi. Mkewe alikuwa ameambiwa vibuyu viwe safi, kwa ajili ya bwana daktari, kwa mtihani utakaomwokoa mumewe. Na katika nyumba ya mfugaji, kibuyu hakiitwi safi kwa kuoshwa na maji tu. Kinachukuliwa kijinga cha moto cha mti wenye harufu nzuri, kinazungushwa ndani mpaka ukuta wote ushike moshi na majivu membamba, kisha kinasuguliwa kidogo kwa brashi ya nyuzi. Hivyo maziwa hayaharibiki, na mgeni anajua ameheshimiwa. Yule mama alikuwa amevifanyia vibuyu vile heshima kubwa aliyokuwa nayo, pengine mara mbili. Sisi watu wa mjini, tunaonunua maziwa yakiwa tayari ndani ya kikombe, hatukulifikiria jambo hilo hata kidogo.

Nikamweleza daktari. Simsingizii, hakuwa mtu mbaya. Alikichukua kibuyu, akanusa, akapitisha kidole ndani, kidole kikatoka cheusi. Akachovya kikaratasi mwenyewe.

"Kweli," akasema. "Amesoma vizuri. Karatasi imesema hivyo."

"Basi amefaulu, bwana."

Daktari naye alikuwa amechoka, macho mekundu, mashavu yamebonyea. Akasema, "Mwalimu, kesho nitampa chombo akioshe, nitie dawa ya jicho. Atakirudisha hivi. Sina muda wa kumfundisha mtu kuacha desturi ya mama yake. Na hivi vitambaa nilivyobaki navyo ni vichache." Akamwita anayefuata.

Nilimfuata yule mwanafunzi wangu nje. Alikuwa anavifunga vibuyu vyake kwenye shuka taratibu, kimoja kimoja. Nilikuwa na hasira, na hasira ikitafuta mtu haikosi.

"Ulijua kimoja lazima kiwe maji!" nikamwambia. "Wote mliambiwa. Kwa nini hukusema maji?"

"Nilijua," akasema. "Lakini karatasi ilisema majivu. Wewe ulisema tujibu inavyosema karatasi."

Miaka yote ya kufundisha nimewahi kupata wanafunzi waliokariri, waliobahatisha, walionakili kwa jirani. Huyu peke yake aliamini neno langu mahali ambapo kuliamini kulimgharimu.

Hawakumpa muda hata wa kurudi kwao. Jioni ileile askari walikusanya wanaume stesheni kwa safari ya treni, na yeye alikuwa Mgogo asiye na kitambaa, mwenye mabega mapana, amesimama mjini mchana kweupe. Niliposikia nikaenda. Walikuwa wamekaa chini kwenye mstari, wamefungwa kamba. Aliponiona akaniita kwa kichwa. Nikachuchumaa.

"Hivi vibuyu utampa mke wangu. Atakuja kuniuliza kwako."

"Nitampa."

"Mwalimu. Usimwambie habari ya moshi."

Nikavipakata vibuyu.

"Mwambie nilishindwa masomo. Mwambie kichwa changu ni kigumu, mtihani ulikuwa wa mambo mengi, nikayachanganya. Yeye alivifukiza kwa mikono yake. Akijua, atakaa na hilo hata nikirudi."

"Lakini ulifaulu. Daktari mwenyewe amesema."

"Mwambie nilishindwa," akarudia. Kisha akauliza kama treni ina mahali pa kukaa au ni kusimama tu. Nikamwambia sijui, na kweli sikujua.

Mkewe alikuja siku chache baadaye, mtoto mgongoni na mwingine anamshika nguo. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, Kigogo changu ni cha sokoni, lakini tulielewana. Nikampa vibuyu vyake. Akauliza mumewe alikosea nini. Nikamwambia aliyoyataka mumewe: kwamba masomo yalikuwa magumu, kwamba alichanganya, kwamba hakuelewa vizuri nilichofundisha. Nilijisikia ninamvua nguo mtu ambaye hayupo.

Yule mama aliinamisha kichwa. Nikadhani analia, kumbe alikuwa anafikiri.

"Kila akirudi alikuwa ananieleza," akasema. "Chuma kinakula hewa. Ukwaju unapigana na majivu. Nikaona mume wangu ana akili." Akakipapasa kibuyu kimoja. "Mimi nilikuwa na hofu, mwalimu. Njia nzima nimekuja na hofu, labda ni sisi nyumbani tumekosea kitu. Kumbe ni yeye hakusoma."

"Ni hivyo, mama."

"Basi," akasema, na uso wake ukalegea kwa ahueni. Kisha ukakazika kwa hasira, hasira ya mke ambaye mumewe amepewa nafasi ya kubaki hai, akaipoteza kwa uvivu. Akaondoka bila kuniaga.

Mumewe hakurudi. Wajerumani walikwenda, Waingereza wakaja, ikafuata njaa ile ambayo watu wa huku hawapendi kuitaja. Ng'ombe wake sijui waliishia wapi. Mimi nilibaki na shule ileile, bati jipya, bendera nyingine, vumbi lilelile. Mara kwa mara nilimwona yule mama sokoni, naye alinisalimu kwa ubaridi, kama mtu anayemkumbuka shahidi wa aibu yake.

Kisha siku moja akaja shuleni na mtoto aliyekuwa mgongoni wakati ule, sasa amekua wa kuanza darasa. Mtoto akasema shikamoo kwa sauti ndogo. Mama akamsukuma mbele kwa kiganja.

"Huyu nakuachia, mwalimu," akasema. "Mkaze. Akilala darasani, mchape. Sitaki awe kama baba yake, alifundishwa na wewe hapahapa akashindwa hata mtihani mmoja."

Mtoto akanitazama, anasubiri kusikia kama ni kweli. Ana macho ya baba yake, yale ya kutazama kitu muda mrefu kabla ya kukijibu. Mama naye alinitazama. Alikuwa amekonda, lakini alisimama wima, hana mzigo wowote moyoni ila ule wa kumlaumu mtu mwingine.

"Haya, mama," nikasema. "Nitamkaza."